Thelma Gilliland, Aliyetufundisha Kusema Kama Tunavyosema

Tarehe 31 Mei 2024, Bi. Thelma Gilliland, mratibu wa miradi wa Chama cha Urithi cha Killydrennan, anastaafu baada ya kututumikia miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kutuhimiza tuionee fahari lugha yetu, Kiskoti cha Ulster, lugha ya wazee wetu huku kaskazini mwa Ireland. Kazi yetu, kwa muda mrefu, ilikuwa kumkwamisha. Na hadi mwezi huu alikuwa anaondoka bila kutuachia kitu kimoja tulichokitamani: sauti yake.

Alipoajiriwa, chama kilikuwa na katiba, bendera na mwekahazina, na vikao vyote vya kuitetea lugha vilifanyika kwa Kiingereza. Si kwamba lugha hatuijui. Tunaitumia kwa ng'ombe, kwa majirani na kwa waamuzi wa mpira. Ila akitokea mgeni, au mashine yoyote yenye taa nyekundu, sote tunakimbilia Kiingereza cha simu, kile cha adabu ambacho mama zetu walimwekea daktari.

Thelma alianzisha madarasa ya ngoma za kwetu, na darasa la kuoka mkate wa magadi ambalo baadhi ya wanaume tulijiunga nalo kwa ajili ya kula. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye hifadhi ya sauti: kuwarekodi wazee wakisema kwa kinywa chao kabla hawajatutoka. Haikuwa rahisi. Katibu wa chama, ambaye ndiye anayeandika haya, alipohojiwa kuhusu uvunaji wa viazi alijibu kama msomaji wa habari anayetangaza msiba wa taifa.

Marehemu Mzee Sammy Gault alikuwa wa mwisho kwetu aliyewahi kuloweka kitani, ule mmea wa nyuzi za kufumia nguo, mabwawani. Mara mbili alirekodiwa, mara mbili akatoa Kiingereza cha simu. Mara ya tatu Thelma alifika na mganda wa kitani alioufunga kwa kamba ya plastiki, akauweka mezani kando ya kinasa sauti. Mzee akainuka kitini.

"Binti wewe, nani kakufundisha upuuzi huu? Kitani hufungwa kwa nyasi za kinamasi! Baba yangu angekutupa bwawani pamoja na mganda wako!"

Aliendelea kwa Kiskoti chetu hadi chai ikapoa. Taa nyekundu aliiona, asiijali tena. Alifariki majira yale ya baridi, na sauti yake tunayo.

Ya Thelma hatukuwa nayo. Alizaliwa jirani tu na hapa, na lugha yake ni tamu kuliko ya yeyote kati yetu, lakini kila tulipomwomba alijibu, "Mimi ni wa kubonyeza kitufe tu." Mwezi ujao anahamia kwa dada yake New Zealand. Kwa werevu wetu wa siku zote tukajaribu hila yake: tukamletea mkate wa magadi mbichi katikati, kinasa sauti kikiwa mezani. Akautafuna wote. "Asante, ni mtamu sana," akasema, kwa Kiingereza cha simu.

Jumatatu tarehe 13 Mei kamati ilikutana kupanga hafla ya kumuaga. Thelma aliwasha kinasa sauti mwenyewe, kwa kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti wetu, Bwana Mervyn Orr, akasimama kufanya mazoezi ya hotuba, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi kama suruali ya harusi. Hakufika sentensi ya tatu.

"Mervyn! Miaka yote hii, na bado unaongea kama muuza bima! Mama yako akimfukuza mbwa alisema vizuri kuliko hivyo! Na wewe katibu Uel, acha kuandika, nakusema wewe pia!"

Alitusema mmoja mmoja, kwa lugha aliyoinyonya kwa mama yake, kinasa sauti kikiendelea kurekodi. Mervyn alitokwa na machozi kidogo, akasingizia maua ya mezani. Kesho yake tulimwomba ruhusa ya kuyahifadhi maneno yale. Akakubali kwa sharti moja.

"Wekeni. Ila kateni pale nilipomtaja mchungaji."

Tumekata. Mchungaji ameomba nakala ya kipande kilichokatwa.

Thelma, asante kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Tunakuombea afya njema, majirani wacheshi na pumziko refu. Wajukuu wetu wakitaka kujua watu wa Killydrennan walisemaje, watakusikia wewe ukitugombeza, na watajua pia kwamba ulikuwa na haki. Nenda salama.