Siku Laptop Iliponikataa

Mama zangu, Mungu ametufikisha jioni hii tukiwa tunacheka, tumshukuru. Mwenyekiti wa chama chetu amenionya nisiongee kama redio, lakini mnanijua.

Uhuru wa nchi yetu ulipokuja nilirudi kutoka Kampala na ufundi wangu wa kuandika programu, nikafungua duka hapa mtaani Hai Cinema, likanikubali. Halafu vita vikaturudia. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, mlango wa duka haupo, jenereta haipo, kompyuta kalas, zimekwisha zote. Nilibaki na laptop niliyokimbia nayo. Nililia, nikasema narudi Uganda nikauze chapati. Na chapati zangu mmezionja.

Muuguzi mmoja wa kliniki ya mtaa wa Nyakuron, yumo humu na amekataa nimtaje, akanijia. Friji yake ya chanjo ilitumia sola, na ikipata joto hakuna wa kumwambia.

“Dada, wewe iko na kichwa. Tengeneza kitu ya kupiga kelele kabla dawa ya watoto iharibike.”

Klinikini kulikuwa na kompyuta ndogo, saizi ya kiganja. Inakula umeme kidogo kama simu, na ubongo wake ni wa simu. Laptop ina ubongo wa aina nyingine, na programu iliyojengwa kwa mmoja, mwingine haielewi kabisa. Ile ndogo haikuwa na nguvu ya kujijengea, ikabidi niijengee kwenye laptop, kama unavyompikia mtoto asiye na meno.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijenga. Kwenye laptop king’ora kinalia mpaka jirani anauliza. Naipeleka kwa ile ndogo, haitaki. Najenga tena, haitaki. Na chanjo zimeshafika, akina mama wameambiwa waje Jumatatu. Niliona aibu, nikamwambia muuguzi atafute mtu mwingine.

“Mtu mwingine mafi, hakuna,” akasema. “Kunywa chai.”

Nikampigia rafiki niliyesoma naye Kampala. Akaniuliza, “Kwani kwa laptop inafanya kazi?” Nikajibu kwa maringo kwamba inafanya sana. Akacheka mpaka nikakasirika. “Basi hiyo ndiyo shida. Ukiijenga sawasawa kwa ubongo wa simu, laptop lazima iikatae.”

Kumbe sikufuta kazi ya zamani. Kila nikiagiza ijengwe kwa ajili ya ile ndogo, laptop inaona programu ipo tayari, inaniachia ile ile yake. Nikafuta vyote, nikajenga toka mwanzo, nikajaribu kuiwasha kwenye laptop. Ikanikataa. Nilipiga kigelegele, muuguzi akadhani nimechanganyikiwa. Tukaipeleka kwa ile ndogo, yeye akakifumbata kipimajoto cha friji kiganjani kipate joto, na king’ora kikalia. Tulikumbatiana pale, chai ikamwagika.

Tangu hapo kliniki nyingine zimeniita, nami Uganda naenda kusalimia tu. Namshukuru aliyenicheka kwenye simu, na huyu aliyekataa kunikatia tamaa, na ninyi mlionilisha bila kuniuliza nitaondoka lini. Nilichojifunza ni hiki: kazi usiipime kwa uliyemzoea, mpelekee uliyemtengenezea.

Hao watoto wanaotupigia kelele hapo nje ndio waliochanjwa ile Jumatatu. Waacheni wapige.