Mama Zaituni, Asiyeanza Salamu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Zaituni Mukandekezi anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kuongoza vikundi vya mazungumzo katika kituo chetu cha Gatsata. Sote tunamwita Mama Zaituni, hata mkurugenzi wetu, Bwana Kiprotich, ambaye kwa cheo ni bosi wake na kwa woga ni mtoto wake.

Alitokea kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo mtaa wa Nyamirambo, na wateja walikuja kupimwa gauni wakaishia kumweleza kwamba hawalali, kwamba moyo unawaenda mbio bila sababu. Kituo kilipotangaza mafunzo ya waongozaji wa vikundi, aliuza cherehani akaja. Hakuwahi kujifanya daktari. Aliyezidiwa alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Waliobaki kwake ni wale wenye huzuni na wasiwasi usio mkubwa, wanaokwenda kazini kila siku na kurudi wamechoka roho.

Kazi yenyewe ukiiona utadhani si kazi. Watu kumi, chai ya maziwa, na kila mmoja anachagua jambo dogo la kufanya kabla ya wiki ijayo: kufua, kumpigia ndugu simu, kutembea hadi sokoni na kurudi. Likishindikana, hagombezwi. Neno moja tu ni marufuku, nalo ni "jikaze". Anayelitamka anaosha vikombe vyote. Bwana Kiprotich alipokuja kufungua kikundi kipya, alihitimisha hotuba yake kwa kuwasihi wanakikundi wajikaze. Aliviosha vikombe huku tai yake ikiwa begani, na Mama Zaituni akamrudishia viwili vilivyokuwa bado na povu.

Kuna kanuni nyingine, na hiyo haichekeshi. Mwongozaji akikutana njiani na mtu aliyepitia kikundi chake, hamsalimii kwanza. Anasubiri. Mtu huyo akiwa na mkwe au na bosi wake, hatataka kuulizwa amemjulia wapi yule mama wa kituo cha wenye huzuni. Ni kanuni nzuri, na katika mji huu ambao kumpita mtu bila salamu ni kumtukana, ni ngumu kuifuata.

Mimi nimekuwa msaidizi wake kwa miaka minane, kwa hiyo nyuso anazozijua nami nazijua. Siku moja tulipita mtaa wa Sonatubes kununua vikombe. Tulipishana na mwanamume ambaye mwaka mmoja kabla alilia mbele yetu hadi akashindwa kuongea, na sasa alikuwa amembeba mtoto mchanga. Mama Zaituni alipunguza mwendo. Yule bwana alitazama pembeni, tukapita. Dukani alihesabu vikombe, na mimi nilitamani kulia.

Kwenye harusi moja huko Kicukiro aliketishwa meza moja na wageni ambao wanne kati yao walipitia mikononi mwake, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Wote wakawa na shughuli kubwa na wali. Shangazi wa bibi harusi akamhurumia: "Mama, usikae peke yako hivi. Kuja nikujulishe, hapa iko watu wazuri sana." Akamzungusha meza nzima, naye akampa kila mmoja mkono na kusema amefurahi kumfahamu. Nilicheka hadi nikapaliwa na Fanta. Yeye hakucheka.

Mtaani kwake anaonekana mwenye kiburi. Mukunde, anayeuza maparachichi karibu na nyumba yake, aliwahi kuniambia: "Uyu mama iko na maringo. Anapita watu kama hawaoni." Sikuweza kumweleza.

Mume wake, Mzee Kagabo, alifariki miaka mitano iliyopita. Binti yao Umutoni anaishi Ubelgiji. Katika kikao cha mwezi uliopita tulimuuliza mipango yake, tukitarajia kusikia habari za kufuga kuku. Akasema: "Naogopa. Watu ninaowajua mjini hapa ni wengi, na hakuna anayenigongea mlango." Bwana Kiprotich akapendekeza kwamba kwake yeye kanuni ikome siku ya kustaafu. Alikataa palepale: "Siri si yangu, nitaistaafisha vipi?"

Basi hivyo ndivyo anavyoondoka, na moyo wangu ni mzito. Mimi nina mume, nina kwaya, nina majirani wa kugombana nao. Yeye alitoa ujirani wake wote kwa ajili ya kazi hii.

Mama Zaituni, asante kwa watu wote uliowapita kimya. Tunakutakia maisha mema, yenye wageni wanaobisha hodi mara moja wakaingia.

Na wewe uliyepitia kikundi chake, najua unasoma, maana jarida hili hubandikwa mlangoni petu. Kanuni inamfunga yeye, wewe haikufungi. Kila jioni hushuka kutoka Gatsata kwenda kununua mkate Nyabugogo, amevaa mtandio wa kijani. Akikukaribia atapunguza mwendo. Msalimie. Ukiulizwa mmejuana wapi, sema lolote, yeye atakubali.

Febronia, msaidizi wake