Mama Soma Tena Anatuachia Mashine

Mimi ni mtu wa bahati, wenzangu mnajua. Hospitali nzima ilitaka kuandika wasifu huu, kura ikapigwa, jina langu likachomoza la kwanza. Basi tulieni.

Mkuu wetu wa chumba cha kufulia, tunayemwita Mama Soma Tena, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Aliingia akifua mashuka kwa mikono. Anaacha mashine nne, mashuka meupe wodi zote, na shati langu alilolifua pamoja na mapazia mekundu. Nalo lilikuwa jeupe.

Niseme ukweli, mama huyu anachosha. Ukimuuliza maana ya neno kwenye kopo la dawa ya madoa, hakwambii. Anafunga mikono kifuani, anakuamuru usome sentensi nzima, na ya kabla yake, na ya baada yake. Kisha ufunike neno kwa kidole useme wewe ungeweka nini hapo. Wauguzi wanapiga simu wanataka mashuka, sisi watu wazima na ndevu zetu tumefunika maneno kwa vidole. Nilimwambia mara nyingi kwamba kufungua mdomo hakulipiwi kodi. Alinijibu kwamba iko siku nitasoma yeye hayupo.

Siku ikafika. Ilipoletwa mashine ya mvuke tulitungiwa mtihani, na atakayefeli akafagie getini. Mimi shule niliichungulia dirishani tu. Swali la kwanza: kwa nini upunguze kanieneo kabla ya kufungua kifuniko? Kanieneo ndiyo mdudu gani? Jasho likanitoka. Nikamlaani Mama kimoyomoyo, nikafunika neno kwa kidole. Kuna mvuke, kuna kifuniko, na kuna kitu usipokipunguza utababuka uso. Kumbe ni presha, ile ile tunayoitaja kutwa. Nikajibu, nikafaulu, nikamkimbilia na habari. Hongera hakunipa. Alitaka nimsomee swali zima.

Sasa anaondoka, tubaki na watu wanaojibu upesi upesi. Inaudhi.

Ahsante, Mama, kwa kila jibu ulilotunyima. Kaipumzishe miguu yako, uwe na afya na miaka mingi ya raha, na Mungu ampe mzee wako subira, maana zamu sasa ni yake.

Na ile kura haikupigwa. Niliomba kuandika, wakakataa, nikaomba tena mpaka wakachoka.