Barua Niliyoandika Dhidi ya Daktari Mwantum

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Chisomela na wajumbe wako, Ndugu Mtendaji, Mchungaji wetu, Mzee Abdulwahab na ndugu wote mliosafiri kutoka Kondoa kuja kumchukua binti yenu, wazee wangu, ambao nawaamkia shikamoni, vijana, wanafunzi, na wageni wote, mlioalikwa na mliojialika, nawasalimu kwa Kigogo chetu: mbukwenyi. Na wewe, Daktari Mwantum, uliyeketi hapo meza kuu na shada shingoni, nakusalimu mwisho kwa sababu wewe ndiye ninayeona taabu kukutazama.

Kwa wageni wasionifahamu, naitwa Bartolomayo. Ni mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa zabibu, na kanisani ni msomaji wa neno. Leo nimepewa dakika kumi niseme kwa niaba ya wazazi. Kamati iliniletea karatasi yenye maneno ya kusema: kwamba Daktari ametuhudumia miaka sita, amewazalisha akina mama wetu, hajawahi kufunga mlango wa zahanati kwa sababu ya mvua wala jua, na kwamba uhamisho ni jambo la kawaida kwa mtumishi wa umma. Yote yaliyoandikwa humo ni kweli, isipokuwa hilo la mwisho. Uhamisho huu si wa kawaida. Daktari Mwantum anaondoka kwa sababu ya barua, na barua hiyo niliiandika mimi.

Ndugu Mwenyekiti, naona unanitazama. Niache nimalize, ndugu yangu, kisha mnihukumu.

Nitakayoyasema yanamhusu binti yangu Erica, mwenye miaka kumi na sita. Jana mchana nilimwomba ruhusa. Akaniambia, "Sema, baba. Lakini useme na ya kwako, usiseme ya kwangu tu." Yupo hapa na mama yake. Nawaomba msigeuke kumtafuta.

Basi nianze na ya kwangu. Kikombe cha kwanza nilimpa mimi. Alikuwa na miaka tisa. Ninyi mnajua kwetu mvinyo unalala nyumbani, kwenye mapipa, na wateja wanaukuta sebuleni. Erica alikuwa na ulimi mwepesi. Nilimpa aonje, akasema, "Baba, hili pipa bado kali, lile la dirishani limeiva." Nikaonja, nikakuta kasema kweli. Tangu siku hiyo kila mgeni akija namwita, "Njoo, mwonjaji wangu!" Anaonja, anakunja uso, wageni wanacheka, na mimi nacheka kuliko wote. Nani kati yenu hakuwahi kucheka sebuleni kwangu? Mama Erica peke yake alisema, "Baba Erica, huyu ni mtoto." Nikamjibu kwamba mtoto wa mvuvi hafichwi samaki.

Alipoingia kidato cha tatu, mambo yakaanza kubadilika, na mimi niliyaona yote. Naomba mnielewe hapo. Sisemi sikuona. Niliona mtoto aliyependa kula na wenzake sasa anachukua sahani anakwenda kula chumbani. Niliona pipi za mnanaa mfukoni mwa sketi ya shule, kila siku, na majani ya mpera anatafuna asubuhi. Niliona alama zake zikishuka. Niliona akilala mchana, akiamka na hasira, akimfokea mdogo wake kwa sababu ya kijiko tu. Niliona mikono yake ikitetemeka akimimina chai, nikamwambia, "Kula vizuri, una upungufu wa damu." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha. Niliyapa majina mengine: ujana, vidonda vya tumbo, damu, wivu wa majirani.

Kisha wateja wakaanza kulalamika kwamba mvinyo wangu umekuwa maji. Nikapima pipa, nikakuta limejazwa maji kweli. Mnafikiri nilimshuku nani? Nilimwita Mzee Filipo, aliyenifanyia kazi miaka tisa, nikamwita mwizi mbele ya watoto wake, nikamfukuza siku hiyohiyo. Mzee Filipo, umeketi pale karibu na tenki. Nilikuja kwako mwezi wa tatu nikakuomba radhi tukiwa wawili. Nilikutukana hadharani, haikufaa nikuombe radhi sirini. Leo nakuomba radhi mbele ya wote waliokusikia ukiitwa mwizi.

Siku moja Erica alianguka mstarini shuleni. Mama yake akamleta hapa zahanati, nami nikafuata. Daktari alimpima malaria, akampima na mengine ambayo ninyi akina mama mnayajua. Halafu akatuomba sisi wazazi tusubiri nje, akakaa na mtoto peke yake, karibu saa nzima. Mimi nilikuwa natembea barazani nikinung'unika: saa nzima, anamuuliza nini? Sikujua kwamba katika nyumba yangu, kwa mwaka mzima, hakuna aliyekuwa amekaa na yule mtoto hata robo ya saa bila kumtuma au kumkemea.

Akatuita ndani. Erica alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari akasema, "Baba Erica, shikamoo. Mtoto amekubali niwaambie mbele yake. Hana malaria, hana mimba. Anakunywa. Anakunywa kila siku, na asubuhi mikono haitulii mpaka apate."

Nikasema, "Nani kakwambia uongo huo?"

"Kaniambia mwenyewe, na mwili wake unasema hivyohivyo. Mzee, huu ni ugonjwa, na unatibika. Lakini tafadhali, usimpige, na usimfungie akaacha ghafla. Mwili uliozoea kiasi hiki ukinyimwa kwa mara moja unaweza kudhurika vibaya. Kesho asubuhi nitaandamana nanyi hospitali ya mjini, aachishwe akiwa chini ya uangalizi."

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo baba yake mzazi, Mzee Abdulwahab, anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Nilimwambia, "Daktari, wewe unatoka Kondoa, kwenu pombe ni haramu. Umekuja kwetu kutangaza dini kwa koti jeupe."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Sizungumzii dini, mzee. Namzungumzia Erica."

Nilimshika mtoto mkono nikaondoka naye. Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaandika barua. Niliandika kwamba mtumishi huyu anatoa siri za wagonjwa, anadharau mila za wenyeji, na anatumia zahanati ya umma kueneza imani yake. Nikapita nyumba hadi nyumba nikakusanya sahihi kumi na moja. Hakuna aliyeniuliza kisa kilikuwa nini. Jina la mwenyekiti wa chama lilitosha. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshafika kwa wakubwa wake.

Halafu nikarudi nyumbani kumtibu mtoto kwa njia yangu. Nilimchapa. Nikamfungia chumba cha nyuma, kufuli mbili, ndoo ya maji na ugali, nikamwambia mama yake, "Siku tatu, pombe itatoka yenyewe." Ufunguo nikaweka mfukoni. Jumamosi alikuwa anagonga mlango akisema anasikia watu wanaongea ukutani. Nikasema anaigiza.

Jumapili nilivaa koti, nikaenda kanisani kusoma neno. Mchungaji, unakumbuka nilisoma vizuri siku ile, ulinisifu. Wakati nasoma, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti, na mama Erica alikuwa nyumbani akisikia kitu kizito kinagonga sakafu, kinagonga, kinagonga, bila sauti ya mtu. Alichukua jembe akavunja mlango. Akamkuta mtoto anakakamaa mwili mzima, povu mdomoni, na kichwa kimepasuka kwenye ukingo wa kitanda cha chuma.

Hakukimbia kanisani kuniita. Tusipite hapo haraka, ndugu zangu. Mama wa mtoto wangu, mwanangu akiwa anakata roho, hakukimbilia kwangu. Alimkimbilia mwanamke niliyekuwa nimemwandikia barua juzi yake.

Daktari alifika kwa bodaboda, akamchoma sindano palepale sakafuni, akapanda naye gari mpaka mjini, kichwa cha Erica mapajani mwake. Mimi niliwakuta wodini saa nane mchana. Nguo yake yote ilikuwa damu.  Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Barua nimeshasikia habari zake, mzee. Tuongee habari ya mtoto kwanza."

Erica alizinduka siku ya tatu. Mmemwona, nisipambe. Mkono wa kushoto hauna nguvu. Shule amesimama. Kuna siku jina la shangazi yake linampotea, mtoto aliyeweza kutofautisha mapipa sita kwa ulimi. Madaktari wanasema baadhi ya hayo yatarudi na baadhi hayatarudi, na hawajui ni yapi. Pombe haikufanya hayo peke yake. Kufuli zilikuwa zangu.

Nilipotoka wodini niliandika barua ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza, na nikaandika kila nililofanya. Nikarudi kwenye nyumba zilezile kumi na moja. Ya kwanza ilipata sahihi zote kwa asubuhi moja. Ya pili ilikwenda na sahihi yangu peke yake. Mmoja aliniambia, "Mwenyekiti, tukifuta tutaonekana watu gani?" Sitamtaja mtu. Sina haki ya kumtaja mtu. Lakini mwezi uliopita uhamisho ulikuja, na leo mmevaa vizuri mnapiga makofi, nami nimeona vigumu kupiga nanyi.

Mtauliza, sasa nyumba yako ikoje? Mvinyo nimeutoa wote nyumbani. Nauza zabibu mbichi. Wengine mnasema nimerukwa na akili, nimeacha kazi ya baba yangu. Sijawaambia mng'oe mizabibu. Nasema mtoto asiwe mwonjaji wa mtu. Nasema ukiona anajitenga, anatafuna vitu kuficha harufu, anatetemeka asubuhi, vitu vinapungua ndani, marafiki wamebadilika, usimpe ugonjwa jina la uongo. Kaa naye. Muulize, na ukishauliza funga mdomo usikie. Fimbo iweke mbali. Mlete kwa mtaalamu, hata akiwa mtaalamu huyo anaswali tofauti na wewe.

Wala msidhani imekwisha. Mwezi wa nne nilimkuta nyumba ya jirani amejificha nyuma ya pipa, anakunywa machicha ya mvinyo kwa kiganja.  Nikaketi chini, kwenye vumbi, kwa sababu nikiwa nimesimama mkono wangu ungejua pa kwenda. Nikampigia Daktari simu, naye akaja, ingawa siku ile alikuwa likizo.

Na wiki iliyopita, habari za uhamisho zilipoenea, Erica alikunywa tena. Safari hii hatukumfuma. Alikuja mwenyewe jikoni, mbele yangu na mama yake, akasema, "Baba, nimekunywa. Naogopa." Nilikuwa sijawahi kuambiwa na mwanangu kwamba anaogopa. Nikamwambia, "Asante kwa kuniambia. Twende." Tukaja hapa kwa miguu, watatu, mchana kweupe, tukipita mbele za nyumba zenu.

Mheshimiwa Diwani, kuanzia Jumatatu mlango huu utakuwa na kufuli, na hatujaambiwa anakuja nani wala lini. Erica alikuwa anakuja kila Alhamisi. Najua wengine wawili waliokuwa wanaanza kuja, watoto wa watu mlioketi hapa, na wazazi wao hawajui. Nakuomba usirudi ofisini ukalisahau hilo.

Mzee Abdulwahab, mimi na wewe ni wazazi. Ulitukabidhi mtoto wako akiwa mzima, akamshika wangu akiwa nusu mfu, nami nikamlipa kwa kuichafua dini mliyomlea nayo. Naomba radhi kwako na kwa nyumba yako.

Daktari Mwantum, kwako nina neno moja tu: samahani. Nakusihi usinijibu hapa. Mtu akiombwa msamaha mbele ya halaiki hana namna ila kutikisa kichwa, na mimi nimeshakulazimisha mambo ya kutosha. Nenda nalo. Ukiona halistahili kujibiwa, lisijibiwe. Mimi nitaendelea kumleta Erica kwa yeyote atakayekuja, nikianza kwa kumwambia ukweli.

Wageni wetu waheshimiwa, wazazi wenzangu, mmevumilia kunisikia mpaka mwisho, nami nawashukuru sana. Asanteni.