Funguo Ziko Nje, Picha Hazitoki

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kinyozi, na asubuhi ile lilijaa mpaka Profesa, fundi baiskeli aliyekiona chuo kwa nje tu, akakalia ndoo. Mpiga Picha alifika na kompyuta kifuani, uso umesawijika. Picha za harusi aliyoipiga ziko mtandaoni, kwenye hifadhi ya wingu, na programu yake imegoma kuzitoa. Bibi harusi yuko njiani kuzifuata, maana babu yake anasafiri leo na ameapa hapandi basi bila kuziona. Nilimhurumia, lakini kwetu huruma huja baada ya utani.

— Funguo za kuingilia umebadilisha? aliuliza Kinyozi.

— Jana. Za zamani niliziandika ndani ya programu, halafu programu nikampa rafiki, siri na vyote. Hizi mpya nimeziweka nje ya programu, kwenye mazingira ya kompyuta, yaani mipangilio yake. Programu inazichukua huko.

— Nje? Basi wezi wameshapita nazo. Mimi taulo tu halilali kwenye kamba.

Profesa akakohoa, tukajua tumekwisha.

— Tatizo ni jua. Tazameni juu, wingu hata la dawa hakuna. Picha zikae wapi?

— Profesa, wingu ni kompyuta za watu, ziko mbali, alisema Mpiga Picha.

— Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Mama Kahawa, mjane mwenye maneno yake, akamjazia Mpiga Picha kikombe.

— Programu imesusa, mwanangu. Ilizoea funguo kiunoni, leo unaiwekea mlangoni kama mpangaji. Ibembeleze. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bibi harusi alifika katikati ya hayo, akasikiliza, kisha akauliza:

— Sasa hiyo programu imejuaje kama umebadilisha funguo?

Profesa akarudi kutazama mbingu. Mpiga Picha akajishika kichwa.

— Haijajua. Inazisoma ikiwashwa tu, na mimi sijaizima tangu wiki iliyopita.

Akaizima, akaiwasha. Picha zikamiminika, benchi zima likashangilia, nami nikajikuta nimemkumbatia Kinyozi. Bibi harusi alikuwa anacheka kwa furaha.

— Babu huyu, anacheza bila mkongojo! Kumbe ndiyo maana anazidai. Na huyu mama wa gauni la kijani aliyemshika mkono ni nani?

Tukaitazama picha, kisha wote tukamgeukia Mama Kahawa.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Kahawa, na birika bado zito mkononi.