Ndege Isiyoonekana na Rada

"Mathe, hiyo ndege ina shida zake," mzee Kosgei, mwanajeshi mstaafu, alimwambia mama aliyeketi karibu naye kwenye basi la kwenda Gilgil. "Ni ghali, na mvua inaharibu rangi yake. Lakini rada haiioni! Kijana wako amechaguliwa kwenda ng'ambo kujifunza kuirusha, na wewe unanuna?"

"Anataka nimbariki leo, kabla aende. Sasa niambie, mzee. Ikianguka, nani ataiona?"

"Haianguki ovyo."

Hilo neno "ovyo" halikunisaidia hata mimi niliyekaa nyuma yao.

"Baba yake alizama ziwani Naivasha, hakupatikana," mama akasema. "Kwetu Bungoma mtu kama huyo tunamzikia shina la mgomba badala ya mwili. Tulizika. Mpaka leo linachipuka kaburini. Tunakata, linarudi."

"Mgomba ni mgomba, mathe."

"Linarudi limeinama upande wa mlango wangu."

Basi liliposimama Gilgil, kijana wake alikuwa anangoja kando ya barabara, amevaa sare. Mama hakumsalimia. Alimpapasa kwanza uso, halafu mabega, halafu vidole, kimoja kimoja.