Kumuaga Mzee Ongeri, Mwenye Ufunguo wa Chumba cha Kupumzikia

Bwana Thadeus Ongeri aliingia kazi katika ghala letu la ndizi hapa Mosocho Januari 1994, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025. Hiyo ni miaka thelathini na moja. Likizo alizochukua ni mbili, na moja alirudi siku ya pili kuangalia kama tumefunga geti. Tulikuwa tumefunga.

Alianza kwa kupakia, akapanda hadi kwenye mizani, na tangu 2009 amekuwa meneja. Akiutazama mkungu kwa mbali anakutajia kilo zake, na mizani ikimpinga, ni mizani inayopelekwa kwa fundi. Aliwaletea wakulima wa huku wanunuzi wa Nairobi, na mvua ya mawe ilipotoboa paa alipanda yeye mwenyewe kuliziba. Hayo ni ya kweli. Watoto wangu wamekula kwa sababu alinipa kazi. Sasa wacha niseme na yale mengine, maana kamati ya ghala imeniambia niandike mimi, na yeye hakukataa.

Neno lake lilikuwa kwamba ndizi haingoji mtu. Msimu ukifika, malori yakipanga foleni mpaka barabarani, ukimwambia mgongo unauma anakuambia ndizi haingoji. Mtoto akiwa na homa, ndizi haingoji. Mimi nilikuwa nikilala nikiota ndizi zimeniketia kitini zikiangalia saa.

Mwaka wa 2019 kamati iliona watu wanaanguka, ikaamua tupate chumba cha kupumzikia. Mzee Ongeri alikisimamia kwa bidii sana. Kikapakwa rangi, kikaletewa viti vya sofa, mkewe akashona vitambaa vya kuweka juu. Halafu akakifunga, ufunguo akatia mfukoni, akasema ni cha wageni. Kwa miaka sita wageni waliofika ni wawili, na mmoja alikuwa amepotea njia akitafuta Nyaramba. Sisi wenye uchovu tuliketi juu ya kreti nyuma ya choo.

Mwaka juzi nilianza gumbaru, masomo ya watu wazima, jioni kwa Mwalimu Mariam. Nilikuwa nimechoka kuweka sahihi kwenye karatasi za shule za binti yangu Pam bila kujua zinasema nini. Kazi ya nyumbani niliifanya saa ya chakula, palepale kwenye kreti, na utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye daftari hautoki. Mwalimu Mariam aliniambia hawezi kusahihisha madoa. Mtihani ulikuwa Aprili mwaka huu. Januari nikaenda kumwomba mzee nusu saa tu ya hicho chumba kila mchana. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa:

"Mama Pam, hicho kiti ni cha mgeni."

Nikarudi kwa kreti yangu.

Machi malori yalikuja matano kwa pamoja. Mzee hakuketi siku tatu, chakula alikula amesimama, nilimwambia apumzike na hakusikia. Siku ya tatu akaanguka kando ya mizani. Presha. Tukambeba hadi kwa kile chumba, na mlango, kama kawaida, umefungwa. Ufunguo tulijua uko wapi, lakini mkono wake ulikuwa umeushika mfuko. Mtu hajui jina lake lakini mfuko ameushika. Eliakim, mpakiaji wetu, alimfungua vidole kimoja kimoja.

Tukamlaza kwenye sofa, nailoni ya dukani, ambayo hakuwahi kuitoa, ikalia chini yake. Alipofungua macho, neno la kwanza lilikuwa: "Nani ameingia na viatu?"

Kisha akalala masaa mawili, akikoroma. Alipoamka aliulizia lori la mwisho. Lilikuwa limepita Sotik likienda Nairobi, limejaa, na hakuna ndizi hata moja iliyomuulizia. Akapapasa mkono wa kiti.

"Kumbe ni laini," akasema.

Tangu siku hiyo ufunguo unaning'inia kwenye msumari karibu na mizani. Kweli aliweka na tangazo: dakika thelathini, osha miguu, usilale na kofia. Tumemsamehe. Mimi dakika zangu nilizitumia zote, na mtihani nimepita. Hata karatasi hii nimeiandika humo, na haina doa.

Mzee, asante kwa kazi, kwa paa, na kwa ule msumari. Lakini bado nina wasiwasi na wewe. Mkeo, Mama Kemunto, ametuambia kwamba huko nyumbani viti vya sebuleni bado viko na nailoni tangu mvinunue, na nyinyi mnaketi jikoni. Ukifika Ijumaa, kabla hata ya kuvua koti, ing'oe. Keti. Mgeni amefika.

Genda buya, tata; nenda salama, baba. Uishi miaka mingi, na mingi yake uwe umeketi.